Bukoba Kumefunga

Kazi yangu ni kupima mizigo, uwanja wa ndege wa Mwanza,
mwaka wa tisa huu, na ndege sijaipanda.
Nikiulizwa Bukoba ni mbali kiasi gani
najibu bila kuinua macho:
kwa anga, kilomita mia na sabini na kitu,
dakika arobaini; upepo ukigoma, hamsini.
Kwa barabara zidisha mara mbili na ushei,
Sengerema, Geita, Biharamulo, Muleba,
zilizobaki utaambiwa na mgongo.
Kwa meli, usiku mmoja,
kama usingizi wako hauogopi maji.

Jumanne alfajiri alikuja Kokugonza
(jina nimelisoma kwenye tiketi),
begi moja, na kitu kimeviringishwa kwenye kanga.
Mama, weka na hicho.
Akakiweka kama mtu anayelaza mtoto.
Kilo mbili na nusu.
Ni nini?
Redio ya baba.
Aliileta kutengenezwa, akaniachia.
Fundi wa Makoroboi aliimaliza kwa siku mbili.

Na imekaa kwako muda gani?
Swali halikuwa la kazi yangu, lilinitoka tu.
Miezi minane, akasema, juu ya kabati.
Kila mwisho wa mwezi nilisema, mwezi ujao naipeleka.
Tunamzika leo saa nane.

Nikamwambia asihofu,
dakika arobaini si kitu,
chai ya moto haipoi kwa muda huo.

Saa moja na robo likatoka tangazo:
Bukoba kumefunga.
Ukungu umelala juu ya njia ya ndege,
abiria wawe na subira.
Saa mbili, subira.
Saa tatu, nje ya kioo, upande wa ziwa,
vijidudu viliinuka kama moshi wa tanuri,
vikasogea kaskazini taratibu
bila tiketi, bila kupimwa.
Saa nne mhudumu aligawa maji na biskuti.
Kokugonza hakuchukua.
Alikuja mezani kwangu mara tatu kuuliza
ni dakika ngapi vile,
na mara tatu nikamjibu arobaini,
kila mara sauti yangu ikipungua kilo.

Kisha akaifungua ile kanga.
Akavuta waya wa antena, akazungusha kitufe
kwa kidole kilichojua pa kusimama.
Mikwaruzo. Taarabu kidogo. Mikwaruzo.
Halafu mtu wa ng'ambo, karibu kama yuko foleni,
akisoma bei ya kahawa ya maganda.
Alisoma yote, bila haraka, akarudia.
Bibi mmoja aliyekaa nyuma akasema, waitu,
basi, hakuongeza neno.
Sauti ilikuwa imevuka ziwa zima
bila kuuliza hali ya hewa,
na sisi tuliolipa nauli
bado tumekaa Ilemela.

Waliruka saa saba na dakika kumi.
Nilisimama kwenye uzio, saa mkononi,
jambo ambalo sijawahi kulifanya.
Ndege ikapita juu ya mawe, ikainama kushoto,
ikawa nukta, ikawa jicho langu linaloumwa na jua.
Dakika ya kumi nilikuwa nakunywa soda.
Dakika ya ishirini na tano Lugembe aliniita, nikaitika, nikabaki palepale.
Dakika ya arobaini hakikutokea chochote.
Walitua, nadhani.
Kutoka uwanjani hadi mgombani kwao sikuuliza ni mwendo gani;
huo haumo kwenye jedwali letu.

Mama yangu yuko Magu.
Kilomita sitini na kidogo, lami tupu.
Hakuna ndege iendayo Magu,
hakuna ukungu wa kusingizia.
Aliomba miwani tangu Pasaka; ninayo, iko kwenye droo,
chini ya vitabu vya stakabadhi.

Hiyo ilikuwa Jumanne.
Jumatano nilikuwa na zamu.